Madaftari ya Baba na Karanga za Shangazi

Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wa chuo kimoja cha dini hapa Morogoro jinsi maandishi ya Wakristo wa kwanza yalivyopotea. Kila mwaka wanakuja na jibu lilelile, kwamba maadui waliyachoma moto. Nami kila mwaka nawakatisha tamaa kwa furaha kubwa. Mengine yalichomwa, nawaambia, lakini mengi yalioza, yakaliwa na wadudu, yakatupwa jalalani, na mengi zaidi hayakunakiliwa tu. Kitabu kinachakaa, mtu anasema nitakinakili kesho, basi, imekwisha. Hapo huwa napiga meza. "Uvivu, jamani! Uvivu wa mtu mmoja!"

Nilikuwa nayasema hayo huku baba yangu, katekista mstaafu wa kigango kimoja juu ya Mlali, akinisubiri nimnakilie madaftari yake.

Yalikuwa saba. Tangu ujana wake aliandika humo kila kitu: nani kabatizwa, mvua iliyobomoa kanisa la udongo, mahubiri yake, magomvi ya kwaya. Siku moja aliniambia huku akicheka kwamba na mimi kaniandika humo. Kaandika nini, hakusema. "Utaona ukinakili." Nilimwambia nitakuja wiki ijayo. Baadaye nikamwambia tungoje likizo. Halafu baba akafariki, na mimi bado nilikuwa na shughuli.

Sisi Waluguru ukoo tunafuata upande wa mama. Kwa hiyo mimi si wa ukoo wa baba, na vitu vyake vilirudi kwa dada yake. Sikubisha. Shangazi alichukua majembe, redio, viti na sanduku la madaftari, nami nikarudi zangu Kihonda mjini nikiamini yako mahali salama.

Karibu mwaka ukapita. Siku moja ya gulio nikapanda Mlali kumsalimia shangazi kwenye meza yake ya karanga za kukaanga. Akanikunjia za bure kwenye karatasi. Nilipozimaliza nikaikunjua ile karatasi nijifutie mikono, nikakutana na mwandiko wa baba: "wanne walibatizwa, wa tano alikimbia alipoona maji". Hapo karatasi ilikuwa imekatwa. Mpaka leo sijui kama yule wa tano alirudi.

"Shangazi! Haya si madaftari ya baba?"

"Ndiyo yenyewe. Karatasi yake nzito, haipitishi mafuta. Magazeti siku hizi nitayatoa wapi? Wote mnasoma kwenye simu."

"Yamebaki mangapi?"

"Yameisha, baba. Ni hizi za mezani tu. Kumbe ulikuwa unayataka? Mbona hukusema?"

Nilikasirika, na kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuona wa kumkasirikia. Nikanunua karanga zote zilizokuwa mezani. Wiki ile nilikula karanga asubuhi, mchana na jioni, nikazikinai, wanafunzi wakapewa zilizobaki bila kuambiwa kwa nini mwalimu amekuwa mkarimu ghafla. Nilipata vipande kumi na viwili vya madaftari. Mimi simo katika hata kimoja.

Nikarudi Mlali nikiwa mnyonge. Shangazi akanihurumia. "Nenda kwa maalim wa madrasa. Yule mzee ana wazimu wa karatasi. Akila karanga zake, anazunguka kuokota na karatasi za wenzake."

Nikamkuta maalim barazani kwake.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba. Wewe ni mtoto wa katekista. Karibu ukae."

Nilipomweleza shida yangu akaingia ndani, akatoka na ndoo yenye mfuniko. Imejaa. "Karatasi yenye jina la Mungu haikanyagwi," alisema. "Haijalishi kaandika nani. Nilikuwa nangoja ndoo ijae nikazizike vizuri. Ungechelewa mpaka Ijumaa, usingezikuta."

Tukaketi mkekani tukazipanga. Humo yalikuwemo mahubiri yote, hata yale marefu yaliyotulaza usingizi tulipokuwa watoto, kwa sababu baba hakumaliza mistari miwili bila kumtaja Mungu. Magomvi ya kwaya hayakuwamo hata moja. Mvua, kanisa la udongo, vyote vimekwenda na karanga. Maalim aliokoa jina la Mungu na kila kilichobahatika kuandikwa karibu nalo. Nikaanza kujiandaa moyoni kwamba mimi sikubahatika.

"Hii niliitoa matopeni pale darajani," maalim akasema, akaninyooshea kipande chenye doa la mafuta.

Kilikuwa na mstari mmoja na nusu. "Leo mwanangu kasema tena wiki ijayo. Ee Mungu, mpe kumbukumbu, maana akili anayo."

Nilicheka mpaka nikalia, au nilianza kulia kwanza, sikumbuki. Maalim aliniacha nimalize, kisha akasogeza ndoo miguuni pangu.

"Karatasi chukua, ni za baba yako. Ila ndoo ni ya mke wangu. Utairudisha lini?"

Nikafungua mdomo, nikasikia neno lenyewe likija, nikaufunga haraka. Nikamwomba kalamu, nikaanza kunakili palepale mkekani.