Kambare Walioniponyoka

Nyuma ya zizi letu pale Ihanda udongo ulikuwa mweusi, na ulipochimbwa ulitoa harufu ya samadi na majani yaliyooza. Wenzangu waliziba pua. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na msimu ule, mvua zikielekea kuisha, harufu hiyo niliipenda kuliko ya ndizi mbivu, kwa kuwa humo ndimo walimojificha nyungunyungu wa chambo. Zilikuwa zamani za Mwingereza. Mama alikuwa amejifungua mdogo wetu wa tano, na maziwa yakawa hayatoki vizuri. Mtoto alilia mpaka sauti ikawa nyembamba kama ya paka. Mama naye hakula. Ugali wa ulezi aliutazama tu, akageukia ukutani. Alisema angeweza kitu kimoja, mchuzi wa kambare.

Baba alikuwa kibarua katika shamba la kahawa la mzungu, akirudi Jumamosi tu. Aliyekuja kumuuguza mama ni dada yake baba, shangazi Rahabu, aliyeolewa kwa Wanamwanga ng'ambo ya mpaka, upande wa Rodeshia. Alikuwa mrefu, mwenye kicheko cha kutoka tumboni, na kwa ndoana hakuna mwanamume aliyemshinda. Alichukua sindano ya kushonea magunia, akaipasha moto kwenye makaa, akaipinda. Uzi ukawa wa katani, ufito ukawa wa mwanzi. Kisha akanipa mimi niende mtoni, kwa kuwa yeye asingeweza kumwacha mama siku nzima.

Siku ya kwanza uzi ulitikisika kidogo, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Ndoana ikaruka juu ya kichwa changu ikanasa kwenye kichaka, tupu. Jioni shangazi aliniuliza nilifanya nini, nikamweleza. "Kambare huonja kwanza, kama mkwe aliyekaribishwa chakula," alisema. "Mwache ameze aanze kuondoka, ndipo uvute. Simba mwenda pole ndiye mla nyama." Nikamjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, akanifinya sikio huku akicheka. Siku ya pili nilingoja. Akameza kweli, nikamsikia mzito mkononi, na uzi ukakatika juu ya jiwe. Nilikuwa nimeuona umechakaa tangu asubuhi, nikajisemea utafaa. Nilirudi nalia. Shangazi alisokota uzi mpya kwenye paja lake, polepole, na safari hii hakucheka, kwa sababu mtoto ndani alikuwa amechoka hata kulia.

Wa tatu ndiye ninayemkumbuka mpaka leo. Kichwa chake kilitokeza majini, kipana kama kata, masharubu yakining'inia. Nikawageukia wasichana waliokuwa wakichota maji, nikapiga kelele, "Mmemwona? Mmemwona?" Walimwona, na wakamwona pia akiondoka, maana nilipogeuka uzi ulilegea, na ndoana yetu haikuwa na kijino cha kumzuia. Wasichana walicheka hadi mmoja akamwaga mtungi wake.

Kesho yake shangazi alimwachia jirani zamu ya kumwangalia mama, akaja nami. Hakugusa ufito. Alikaa nyuma yangu kwenye nyasi, akinong'ona, "Bado. Bado. Sasa!" Nikavuta. "Usimnyanyue, uzi utakatika! Rudi nyuma, uzi ukaze, tembea!" Nikatembea kinyumenyume, macho majini, mpaka kambare akapanda matopeni akijipiga huku na huku. Nilipoona anarudi majini nilimrukia kifudifudi. Mwiba wake ulinichoma kiganja, lakini sikumwachia. "Mayo we!" shangazi alipiga kelele, akanivuta miguu, nikatoka na samaki kifuani, mimi na yeye tukiwa rangi moja. Alicheka mpaka akaketi chini.

Mama alikunywa mchuzi ule bakuli mbili, akatafuna hata mapezi, kisha akalala usingizi mzito. Baada ya siku mbili mtoto alikuwa ananyonya kwa pupa. Kama ni mchuzi au ni ule usingizi, sijui. Shangazi alisema ni mchuzi, na hakuna aliyethubutu kumbishia.

Sasa naishi Tunduma kwa binti yangu. Samaki tunanunua sokoni, wamegandishwa kwa barafu, wametoka maji nisiyoyajua. Mama mwenye mtoto mchanga ana kliniki ya kwenda, na mtoto hupimwa uzito kila mwezi. Nashukuru, maana hofu ya siku zile simtakii mtu. Lakini wajukuu wakila samaki wanakula kimya, na sahani zikiondolewa hakuna lililobaki la kusimulia. Hawajawahi kuponyokwa na samaki hata mmoja. Siwalaumu, ila nawahurumia kidogo.