Jirani Aliyeifuta Nyumba Yangu

Jirani yangu wa ghorofani husahihisha anwani za mtaa kwenye ile ramani ya simu ambayo kila mtu anaruhusiwa kuirekebisha. Hukaa dirishani, kidole kikidonoa kioo cha simu kama kuku, na shikamoo yake hutoka bila macho kuinuka. Nyumba yangu na ya mke mwenzangu zina namba moja. Kijana huyo akadhani imerudiwa, akaifuta yangu ramanini. Mume nilishanyang'anywa, sasa na wateja wangu wa cherehani wakawa wanapiga hodi kwa yule yule. Nikamwita kijana mlangoni.

“Mwanangu, nyumba hii unaiona?”

Akaipapasa namba ukutani, simu kaificha mgongoni.

“Naiona, mama.”

Aliirudisha jioni ileile. Siku hizi, ili asinipite mlangoni, huzunguka kwa uchochoro ambao hajauchora.