Jiko la meli uchochoroni

Saa kumi na moja alfajiri, moshi wa kuni unatoka kwenye jiko la Basili Temba na kuelekea kusini. Basili anautazama kwanza, ndipo anapoinjika sufuria ya mtori, supu nzito ya ndizi na nyama.

Uchochoro anaopikia, katikati ya mji wa Moshi, una upana wa hatua mbili. Ameandika humo maneno matatu ya Kiingereza cha zamani na cha Uskoti kwa rangi nyeupe. Penye kuingilia ni "wynd", yaani njia nyembamba kati ya majengo. Juu ya jiko ni "caboose", jiko la meli. Kwenye kasha la ndizi za shambani kwake Uru ameandika "glen", bonde jembamba la milimani.

Maneno hayo alifundishwa na mpishi mkuu, Mskoti, katika meli ya mizigo aliyoipanda Tanga mwaka 1966.

"Alikuwa hanipi chumvi mpaka nitaje neno," anasema Basili, mwenye umri wa miaka 52. "Nikadhani ndicho Kiingereza cha watu wote."

Mwaka 1993 meli yake ya mwisho iliuzwa na mabaharia wakapunguzwa kazi. Alirudi Uru kwa mkewe, Gladys, akakuta kahawa hailipi, ndizi ndizo zinazolisha nyumba. Januari mwaka huu, 1996, alipanga uchochoro huu kwa Pramila, mwenye duka la vitambaa lililopakana nao.

Wateja walikuja haraka. Mmoja wao ni Primus, kijana anayeongoza wapanda mlima, ambaye "caboose" huiita kabusi.

"Shikamoo, mzee. Leo kabusi inatoa nini?"

"Marahaba. Mtori, kwa wenye adabu."

"Basi mimi nipe chai."

Primus anasema aliwahi kumtajia mgeni mzee neno "glen" walipokuwa wakipita bondeni. Mgeni, kwa kusikia neno la Kiskoti huku Kilimanjaro, alicheka mpaka akakaa juu ya jiwe.

Mwezi uliopita nusura kila kitu kiishe. Basili aliwasha moto tena mchana ili akaange samaki, na moshi ukaingia dukani kwa mlango wa nyuma. Pramila alitoka ameshika jora la hariri.

"Mzee Basili, nani atavaa sari inayonuka samaki?"

"Hakuna, Mama Harshil."

"Umepika baharini miaka yote hiyo."

"Meli inakwenda, mama, moshi unabaki nyuma. Nilipika kama vile uchochoro nao unasafiri."

Pramila alicheka, lakini hakulegeza. Alitundika kitambaa cheupe cha pamba nje ya mlango wa nyuma. Kikinuka moshi baada ya juma moja, Basili ahame.

Basili alianza kuchunguza upepo. Alfajiri hushuka kutoka mlimani na kuupeleka moshi kusini, mbali na mlango. Jua likipanda, upepo hugeuka. Kwa hiyo sasa hupika kila kitu mapema na kuzima moto kabla ya saa tatu. Masufuria huyafunika ndani ya makasha yaliyoshindiliwa majani makavu ya migomba. Saa nane mchana mtori bado unaunguza ulimi.

"Nikibaki hapa, nataka Gladys aache kubeba ndizi kichwani hadi sokoni," alisema Ijumaa, siku moja kabla ya juma kuisha. "Zote zitaliwa hapa, na yeye nimwekee kiti."

Jumamosi adhuhuri Pramila alikitungua kitambaa. Alikinusa, akampa mwanawe Harshil.

"Kinanuka nini?"

"Kinanuka duka, mama."

Pramila akamgeukia Basili. "Kaa. Samaki wakaangwe alfajiri."

Primus alipiga makofi peke yake, kisha wateja wote wakamfuata. Basili aliketi juu ya kasha la ndizi na kucheka bila sauti.

Alasiri hiyo Dominika, mkulima wa Rau, aliingia dukani kutafuta kitambaa cha gauni la Komunyo ya Kwanza la binti yake. Pramila alimwonyesha kile kile, akamweleza kilikokuwa kimetundikwa. Dominika alikinusa, akakilaza begani kuona kinavyoanguka. Akakatiwa mita tatu.