Samaki wa Macho Upande Mmoja

Enzi zetu pale Tabora, chini ya Mwingereza, tulisoma mambo ya maana. Mvua huanza lini, hilo hatukufundishwa, wanangu, kwa sababu hayo yalijulikana na kila mtu. Tulifundishwa samaki bapa wa Ulaya.

Mwalimu Hamisi alimchora ubaoni: mdogo kama kiganja, bapa kama chapati, juu rangi ya mchanga, chini mweupe, macho yote mawili upande wa kulia. Tukaimba: “Anakaa kwenye mchanga chini ya bahari! Anapatikana kuanzia Norwei mpaka Bahari ya Kati!” Hakuna aliyejua Norwei iko upande gani wa Urambo. Samaki tuliowajua sisi walitoka Kigoma kwa treni, wakavu, wamebanwa kwenye magunia mpaka wote wakawa bapa.

Nyumbani Isevya, tukila ugali kwa nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, dada yangu Nyamizi alimuuliza babu, aliyekuwa mpagazi wa misafara na kufika pwani kwa miguu.

“Shikamoo babu. Huko baharini ulimwona samaki bapa?”

“Marahaba. Nilibeba pembe la ndovu kutoka hapa mpaka Bagamoyo, mjukuu wangu. Unadhani nilikwenda kutazama samaki?”

Mama akakata maneno: “Aliyosema mwalimu yanatosha. Kariri!”

Na kukariri kulikuwa na sababu. Mkaguzi Mzungu alikuwa anakuja kuchagua msichana mmoja tu wa kuendelea na shule ya bweni. Alipofika, akamsimamisha Nyamizi. Dada akamwaga yote, Norwei na mchanga wake, bila kukwama. Mwalimu Hamisi akavimba kwa fahari.

“Vema,” mkaguzi akasema. “Kwa nini macho yako upande mmoja?”

Hilo halikuwamo ubaoni. Dada akajibu mwenyewe:

“Bwana, upande mwingine amelalia mchanga. Jicho la huko lingeona nini?”

Mkaguzi akacheka, akasema, “Huyu.” Basi, akawa amechaguliwa. Gari lake lilipotoweka, Mwalimu Hamisi, kwa hekima yake kubwa, akamchapa Nyamizi fimbo za mkononi kwa kujibu jambo asilofundishwa. Dada hakulia. Alilia siku ya safari tu, pale stesheni, kichwa kikiwa nje ya dirisha la treni, huku mama aliyesisitiza kukariri akikimbia kando ya behewa na kufuta machozi kwa kanga.

Nyamizi akawa mwalimu, akafundisha mpaka nywele zikawa nyeupe. Sasa amelala kaburini kule Itetemia.

Wajukuu zangu, werevu wa siku hizi, humpata samaki yeyote kwenye simu kwa kidole kimoja. Humtazama akiogelea, hucheka, humpitisha, hutafuta mwingine. Hawachapwi, alhamdulillahi. Jioni nyumba nzima huwa kimya, kila mmoja na mwanga wake usoni. Nami hukaa pale kati yao na jibu zuri mdomoni, nikingoja aniulize mtu.