Gari la Mapezi Ukutani

Jirani yangu hapa Turffontein, Johannesburg, hupiga magari rangi, na harufu ile ikiingia dirishani hunirudisha utotoni. Baba alibandika kurasa za magazeti ukutani kwa gundi ya unga wa muhogo, kuzuia upepo. Kando ya kitanda changu likakaa gari la Kimarekani, lina mapezi nyuma kama samaki, paa lote kioo.

“Baba, utakuja nalo ukirudi kutoka Johannesburg?”

“Hilo haliuzwi, mama. Wameliunda moja tu, eti watu walitazame.”

“Basi njoo kwa miguu.”

Alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake akaenda migodini. Mvua zikaja zikaisha bila yeye. Nikawa nalala kiganja kikiwa juu ya kiti cha dereva, kilichokuwa kitupu, hadi karatasi ikatoboka.