Msalaba Ndani ya Sanduku la Mchanga

Siku yangu ya kwanza kazini Minneapolis, kwenye maabara ya kuhifadhi vitu vya kale, nilipewa ndoo ya mchanga na chekeche. Nilikuwa nimetoka chuoni na shahada ya kemia, suti nimeazima, nikidhani napelekwa kwenye mashine. Mkuu wa Maabara, mama mmoja mrefu asiyecheka ovyo, aliniagiza niuchekeche kisha niurudishe ndooni wote, usipotee hata kidogo. Nikauliza ni wa nini. Akasema ni wa kanisa. Mimi mtoto wa Kiislamu kutoka Tanga nikajisemea moyoni, haya, riziki haichagui mlango.

Kanisa lenyewe lilikuwa ng'ambo, kwenye pwani yenye upepo mkali: kikanisa kidogo cha Wakristo wa mwanzo, kilichofunikwa na vilima vya mchanga kwa karne nyingi. Kiangazi kimoja cha miaka ya tisini nilipelekwa huko chini ya Msimamizi wa Uchimbaji. Ninyi vijana mnaoingia kazi hii, jueni hatukutumia jembe. Tulikwenda kwa mwiko wa mwashi na brashi, tabaka kwa tabaka, kwa kuwa kila tabaka la mchanga lina umri wake. Ukuta ulipojitokeza, na juu ya plasta msalaba mwekundu, nilitaka kupiga vigelegele. Msimamizi akashika kichwa, akaamuru ufunikwe turubai upesi. Lo! Tumeumia migongo kukitafuta kitu, kimeonekana, tunakificha. Nilichanganyikiwa kabisa.

Kipande chenye msalaba kilikuwa kimeachia ukutani, kikaletwa maabara kutibiwa. Ndipo baridi ikaingia. Mnajua hita za mji huu zinavyokausha hewa mpaka midomo inapasuka. Chumvi iliyolala ndani ya plasta ikaanza kutoka nje, nyeupe kama sembe, na kila ilipotoka ilibandua rangi; ndipo nikaelewa lile turubai. Asubuhi nilikuta chembe nyekundu mezani. Wallahi nililia. Msalaba ni wa wenyewe, lakini mikono iliyoufukua ilikuwa yangu.

Mkuu akaamua urudi mchangani. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni! Tulitengeneza sanduku, tukautandikia kitambaa kinachopitisha hewa, tukamwaga juu yake mchanga uleule wa ndoo yangu ya kwanza, wenye unyevu kidogo. Chumvi ikatulia. Mimi sikutulia, kwa sababu ya Mama Neema.

Huyu alikuwa muuguzi kutoka Moshi, jirani yangu huko Champlin, kitongoji cha Minneapolis, aliyenilisha mwaka wangu wote wa kwanza. Nilimwahidi angeuona msalaba kabla hajarudi nyumbani moja kwa moja. Akaja amevaa kitenge cha Jumapili. Nikamsihi Mkuu tuufukue kidogo tu.

“Tukiufukua, yeye atauona leo,” akasema, “na baada yake hatauona mtu.”

Nikamtafsiria Mama Neema huku nikiona haya. Akaliinamia sanduku.

“Umo humu kweli?”

“Umo, Mama. Niliufukia mwenyewe.”

“Basi usiuguse.”

Akaweka kiganja juu ya mchanga, akasali kimyakimya. Alipomaliza alizunguka sanduku akilikagua, akanikunjia uso.

“Kona hii mchanga umepungua, baba. Ongeza.”

Nikaongeza. Kweli ulikuwa umepungua.

Baadaye kipande kilirudishwa kwao ndani ya sanduku lake, na kikanisa chote kikafukiwa tena pamoja nalo, ndiyo dawa pekee iliyopatikana. Mama Neema alishatangulia mbele ya haki bila kuuona. Mimi nimestaafu, naishi Woodbury, pembeni mwa miji hii, na wajukuu wananiuliza kwa Kiingereza kazi yangu iko wapi waione. Sina cha kuwaonyesha ila kilima cha mchanga. Mpaka leo sijui kama kanisa lile tulilifukua au tulilizika. Ila upepo ukivuma sana, hilo silo linalonisumbua. Najiuliza tu kama ile kona imebaki na mchanga wa kutosha.