Dakika nne jina lake lilipokuwa hewani

Leo nimeogopa kweli.

Nina programu ya akili bandia inayonibonyezea vitufe vya tovuti ya gazeti letu. Kitufe kimoja nilikieleza hivi: "Hukamilisha makala." Sikuandika kwamba huichapisha papo hapo.

Asubuhi nikaiambia ikamilishe rasimu. Ikachapisha.

Ndani mlikuwa na jina halisi la mama muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, aliyenitajia wanaowatisha wachuuzi Goma. Majina huwa nayabadilisha mwishoni.

Nilifuta baada ya dakika nne, nikampigia.

"Mama, uko wapi?"

"Niko Goma, ku soko. Iko nini, papa?"

Nikamweleza.

"Donc niache samaki, nikuye?"

"Acha. Njoo huku kwangu, ng'ambo ya mpaka, sasa hivi."

Amevuka mpaka bila beseni lake la samaki.

"Bon," ameniuliza, "na kesho ntauzia wapi?"

Ninyi mngemjibu nini?